Ernest Hemingway: Majeruhi wa Vita Aliyeutafuta Utulivu Mtoni

Katika mwezi wa Januari, 1954, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Ian McAdam, alikuwa mapumzikoni. Alikuwa amekodi meli ndogo iliyoitwa Murchison, akawachukua jamaa zake pamoja na wakwe zake kwenda kuyatazama maporomoko makubwa ya Mto Nile, kwa kuwa wazee hao walikuwa wakiadhimisha miaka 50 ya ndoa yao. Safari ilikuwa ya starehe tu. Lakini meli ilipofika chini ya maporomoko, walijitokeza kutoka porini Wazungu watatu waliochafuka na kuchoka, mwanamke mmoja na wanaume wawili, nao wakaomba wachukuliwe mpaka Butiaba. Usiku uliotangulia walikuwa wamelala mlimani wakiota moto, na tembo wakipita karibu nao. Mmoja wa wanaume hao alikuwa mtu wa kifua kipana na ndevu zenye mvi, mwenye umri wa miaka 54. Huyo alikuwa Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, ambaye saa zile zile habari za kifo chake zilikuwa zimeanza kuenea ulimwenguni.

Askari wa jeshi na polisi wengi katika nchi yetu wanaijua Mulago kwa njia isiyokuwa ya starehe. Wamepelekwa huko wakiwa na risasi mwilini, au wamekwenda kumtazama mwenzao aliyevunjika mguu. Wanajua vilevile kwamba jeraha la mwili aghalabu hupona kabla ya lile la moyoni, na kwamba mtu aliyeruhusiwa kutoka wodini hurudi kambini akiwa na saa nyingi zisizokuwa na kazi. Saa hizo ndizo ngumu. Wako wanaozimaliza kwa pombe, na wako wanaozimaliza kwa ugomvi nyumbani. Hemingway aliijua hali hiyo tangu alipokuwa kijana wa miaka 19, na dawa aliyojitafutia ilikuwa ufito wa kuvulia samaki. Tumeona vema kuyaeleza maisha yake kwa kufuata mkondo huo wa mto, maana vitabu vyake vimekwisha elezwa na wengi.

Alizaliwa tarehe 21 Julai, 1899, katika mji wa Oak Park karibu na Chicago, akiwa mtoto wa pili miongoni mwa watoto sita. Baba yake, Clarence Hemingway, alikuwa daktari; mama yake, Grace, alikuwa mjuzi wa muziki. Kila mwaka wakati wa kiangazi jamaa hao walihamia katika nyumba yao ya mbao kando ya ziwa Walloon, jimbo la Michigan, na huko ndiko baba alikomfundisha mwanawe kutega, kulenga shabaha na kuvua. Mtoto alianza kushika ufito hata kabla ya kuanza shule. Chambo chake kilikuwa kile kile wanachokitumia watoto wetu kando ya Ziwa Viktoria na Ziwa Kyoga: nyungunyungu aliyechimbwa matopeni, au panzi aliyekamatwa asubuhi nyasi zikingali na umande.

Alipomaliza shule mwaka 1917 hakwenda chuo kikuu, bali aliajiriwa na gazeti katika mji wa Kansas City. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ikipamba moto. Kwa kuwa jicho lake moja lilikuwa dhaifu, alijiunga na Shirika la Msalaba Mwekundu ili aendeshe magari ya majeruhi huko Italia. Hakukaa sana. Usiku wa tarehe 8 Julai, 1918, siku chache kabla ya kutimiza miaka 19, alikuwa katika mahandaki ya mstari wa mbele karibu na Fossalta, ukingoni mwa mto Piave, akiwagawia askari wa Kiitalia sigara na chokoleti. Kombora la mzinga mdogo wa Waaustria likaanguka karibu naye. Vipande vya chuma zaidi ya 200 viliingia katika miguu yake. Alilazwa hospitali huko Milano kwa miezi mingi, akapewa nishani ya ushujaa na serikali ya Italia, na Januari ya 1919 akarudi kwao akitembea kwa mkongojo.

Hapa ndipo habari inapowahusu hasa wasomaji wetu. Nyumbani walimpokea kwa shangwe, wakamwalika azungumze mbele ya wanafunzi, naye akazungumza akiwa amevaa sare. Lakini shangwe haikai. Usiku hakupata usingizi ila taa ikiwa inawaka, maana giza lilimrudisha Fossalta. Wazazi walimtazama wakaona kijana mzima aliyerudi salama, wakaanza kumuuliza atafanya kazi gani. Askari yeyote aliyerudi nyumbani kutoka operesheni ndefu anaijua meza hiyo ya chakula, ambapo ndugu wote wanacheka na yeye peke yake ndiye asiyeweza.

Mwaka ule ule wa 1919 Hemingway aliwachukua rafiki zake wawili, wakapanda gari la moshi mpaka kijiji kiitwacho Seney katika kaskazini ya Michigan, wakapiga hema kando ya mto Fox. Walikaa siku kadhaa wakivua samaki aitwaye trauti. Trauti ni samaki wa maji baridi yaendayo kasi, mwenye madoa ubavuni, mwepesi wa kushtuka. Kivuli cha mtu kikianguka majini yeye amekwisha kwenda. Ili umpate hapana budi unyamaze, uyasome maji kama mpelelezi asomavyo nyayo, na ujue amejificha nyuma ya jiwe lipi. Mtu anayefanya hivyo hana nafasi ya kufikiri jambo lingine. Inaelekea kwamba Hemingway alipata huko kitu ambacho hospitali ya Milano haikuweza kumpa.

Safari hiyo aliigeuza kuwa hadithi miaka michache baadaye, akiwa Paris. Hadithi hiyo ilitolewa mwaka 1925 nayo inaitwa Big Two-Hearted River. Mambo yake ni machache. Kijana anashuka kwenye gari la moshi katika mji ulioteketea kwa moto, anatembea na mzigo mzito mgongoni, anapiga hema, anapika chakula cha kopo, analala, na asubuhi anakamata panzi na kwenda kuvua. Mbele yake kuna kinamasi chenye giza ambacho hataki kukiingia siku ile. Basi. Neno vita halimo hata mara moja, wala hatuambiwi kwamba kijana yule alikuwa askari. Lakini aliyepata kuwa askari huona mara moja kwa nini kijana huyo anazifunga kamba za hema lake kwa uangalifu mkubwa namna ile, na kwa nini anafanya kila kazi kwa mpango kana kwamba akiacha mpango huo kitu fulani kitamwangukia. Kwa maoni yetu kazi zake ndefu hazikuipita hadithi hiyo, ijapokuwa hizo ndizo zilizompa mali.

Hapa twaomba kueleza neno moja, maana katika sehemu zetu uvuvi ni kazi ya kutafuta riziki, na wengi hawajapata kuona uvuvi wa namna hii. Kuna uvuvi ambao chambo chake si nyungunyungu wala dagaa, bali ni nzi wa bandia. Mvuvi huchukua ndoano ndogo, akaizungushia uzi, unyoya wa jogoo na manyoya ya mnyama, mpaka ifanane na mdudu anayeelea juu ya maji au anayezama. Nzi huyo hana uzito. Hawezi kurushwa mbali kama ndoano iliyofungiwa risasi. Kwa hiyo uzito hutiwa katika mshipi wenyewe, ambao ni mnene, na mvuvi huurusha nyuma na mbele kwa ufito mrefu unaopindika, kama mchungaji anavyochezesha mjeledi wake, hata mshipi unyooke hewani na nzi ashuke polepole juu ya maji pasipo kishindo. Nguvu nyingi huharibu. Mtu hodari wa kubeba magunia hushindwa siku ya kwanza, na mama mwembamba hufaulu, kwa sababu kazi yote iko katika kifundo cha mkono na katika kungoja mshipi ukunjuke nyuma kabla ya kuurudisha mbele.

Hemingway mwenyewe hakuanzia hapo. Kule Michigan alitumia panzi walio hai, na hata kijana wa ile hadithi ana ufito wa kuvulia kwa nzi lakini chambo chake ni panzi. Wajuzi wenye kiburi waliona kasoro katika jambo hilo. Kuna majivuno mengi katika uvuvi huu, hasa miongoni mwa Waingereza, ambao wengine wao walishika sheria za kuvua kwa nzi kwa ukali kupita sheria za gwaride. Hemingway hakuwa mtu wa namna hiyo. Alivua kwa nzi alipoona kwamba nzi anafaa.

Baada ya kumwoa Hadley Richardson mwaka 1921 alihamia Paris, akawa akiyaandikia magazeti ya Kanada. Mwaka 1922 aliitazama vita ya Wagiriki na Waturuki, akaona misafara ya wakimbizi barabarani kwenye mvua. Katika mapumziko yake alivua katika mito ya Ujerumani, na baadaye katika mto Irati, kaskazini ya Hispania, ambao aliutia katika riwaya yake ya kwanza mashuhuri mwaka 1926. Ndoa ile ilivunjika, akaoa tena mwaka 1927. Desemba 1928 baba yake, yule daktari aliyemfundisha kuvua, alijiua kwa bastola. Mwaka uliofuata kilitoka kitabu chake cha vita vya Italia, A Farewell to Arms, akawa tajiri.

Ilikuwa katika miaka ya 1930, kwenye ranchi moja ya jimbo la Wyoming karibu na mto Clarks Fork, ndipo alipokuwa mvuvi wa nzi kwa maana kamili. Alikuwa na desturi ya kuandika asubuhi na kwenda mtoni baada ya saa sita. Alifunga nzi watatu katika mshipi mmoja, akawaacha wazame kidogo na kuchukuliwa na mkondo. Vifaa vyake vilikuwa vya Kiingereza, vya fito za mianzi iliyopasuliwa na kugandishwa tena, navyo alivitunza kama askari anavyoitunza bunduki yake. Kisha mwaka 1940 sanduku lililokuwa na karibu vifaa vyote hivyo lilipotea katika usafirishaji wa gari la moshi. Alikuwa na fedha za kununua vingine mara kumi. Hakununua. Mwanawe mkubwa, Jack, alisimulia baadaye kwamba tangu siku hiyo baba yake karibu aliacha kabisa kuvua trauti. Alikuwa amekwisha hamia kwenye uvuvi mwingine, wa baharini, kwa mashua yake Pilar aliyoipata mwaka 1934, akiwafuata samaki wakubwa wa Kuba ambao humburuta mvuvi kwa saa nyingi. Twaona kwamba alipoteza kitu zaidi ya sanduku. Uvuvi wa bahari kuu una mashabiki, picha, mizani na mashindano. Mwanadamu anayekimbia kelele hawezi kuzikimbilia huko.

Jack alibaki mtoni, na kisa chake hakina budi kusimuliwa kwa wanajeshi. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa ofisa katika idara ya ujasusi ya Marekani. Mwaka 1944 alirushwa kwa mwavuli usiku ndani ya Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, na pamoja na zana zake za vita alishuka na ufito wake wa kuvulia, kigurudumu cha mshipi na kisanduku cha nzi. Hatudhani kwamba kamanda yeyote wa hapa angeipitisha orodha ya vifaa kama hiyo. Baadaye mwaka huo huo alijeruhiwa, akatekwa, akakaa katika kambi ya wafungwa wa vita mpaka 1945.

Baba yake naye alikuwa Ulaya wakati ule kama mwandishi wa habari za vita. Aliiona siku ya kuvamiwa kwa pwani ya Normandy, akaingia Paris mwezi wa Agosti, kisha akafuatana na kikosi cha 22 cha askari wa miguu wa Marekani katika msitu wa Hürtgen, mahali ambapo vijana wengi walikufa kwa ajili ya ardhi kidogo sana. Alishitakiwa kwamba alichukua silaha, jambo ambalo mwandishi haruhusiwi kulifanya. Uchunguzi ukafanywa, akaachiliwa. Mwaka 1947 alipewa nishani. Askari wenye vyeo na wasio na vyeo walimpenda, lakini sisi hatumsifu kwa hilo. Sheria ya kuwatenganisha wapiganaji na wasio wapiganaji huwalinda waandishi wote, na mmoja akiivunja kwa ajili ya fahari yake huwatia wengine hatarini.

Sasa turudi Afrika ya Mashariki. Alifika mara ya kwanza Desemba 1933 kwa njia ya Mombasa, akawinda katika nyika za Serengeti, akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu hata akabidi kupelekwa Nairobi kwa ndege. Kabla ya kuondoka alivua baharini huko Malindi. Mara ya pili alikuja mwaka 1953, pamoja na mke wake wa nne, Mary, wakapiga kambi kule Kimana chini ya Kilimanjaro. Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari, watu wa nchi wakipigania ardhi yao, naye mgeni alipewa cheo cha heshima cha mlinzi wa wanyama. Mengi ya aliyoyaandika juu ya nchi zetu yanaonyesha wanyama na Wazungu mbele na wenyeji nyuma, wakiwa wabebaji na watumishi. Hilo msomaji wa Kiafrika hawezi kulisahau, hata akimheshimu vipi kwa ufundi wake.

Tarehe 21 Januari, 1954, walipanda ndege ndogo aina ya Cessna, rubani wao akiwa Roy Marsh. Walipitia Ngorongoro na Mwanza mpaka Bukavu, wakafika Entebbe, na tarehe 23 wakaelekea maporomoko ya Murchison, ambayo katika miaka ya 1970 yaliitwa Kabarega. Ndege ilizunguka juu ya maji ili Mary apige picha. Kundi la kwarara likaruka mbele yao. Rubani alipowakwepa, ndege iligonga waya wa zamani wa simu, ikaanguka vichakani maili chache kutoka kwenye maporomoko. Mary alivunjika mbavu mbili, Hemingway akaumia bega. Ndege ya abiria iliyopita juu iliona mabaki na haikuona mtu, ndipo ilipotangazwa kwamba wamekufa.

Meli aliyoikodi Daktari McAdam iliwafikisha Butiaba jioni ya tarehe 24. Hapo waliwakuta rubani mwingine, Reginald Cartwright, na ofisa wa polisi, ambao walikuwa wameshughulika na kuwatafuta mchana kutwa. Cartwright alitaka kuwapeleka Entebbe usiku ule ule kwa ndege yake kubwa zaidi. Uwanja wa Butiaba ulikuwa wa mashimo na matuta. Ndege ilirukaruka, ikainuka, ikaanguka, ikashika moto. Roy Marsh alivunja dirisha akamtoa Mary, lakini dirisha lile lilikuwa dogo kwa mwili wa Hemingway. Yeye aliufungua mlango uliokwama kwa kuugonga kwa kichwa na bega.

Kitendo hicho kiliokoa maisha yake, na twaweza kusema kwamba ndicho kilichoyafupisha. Fuvu lilipasuka, maji ya ubongo yakavuja. Ini, figo na bandama viliumia, pingili ya uti wa mgongo ilipondeka, ngozi iliungua, akawa haoni vema kwa jicho la kushoto. Walichukuliwa kwa gari mpaka Masindi, wakalala hotelini, kisha wakafikishwa Entebbe. Kutoka Entebbe mpaka Mulago ni kama kilomita 40 tu, na kule kulikuwa na wapasuaji hodari. Hakwenda. Alikaa katika hoteli kando ya ziwa, akawapokea waandishi wa habari kwa mzaha na chupa mkononi, akasoma tanzia zake mwenyewe zilizochapwa katika magazeti ya nchi mbalimbali. Mwanawe wa pili, Patrick, ambaye alikuwa na maskani yake Tanganyika, alifika kumwona. Huyu Patrick ndiye aliyekuja baadaye kufundisha katika chuo cha wanyamapori cha Mweka, chini ya Kilimanjaro.

Watu waliokuwapo walistaajabia ushupavu wake. Kikosini pia tumezoea kumsifu mtu anayekataa kwenda hospitali. Lakini ilikuwa si mara ya kwanza kwa kichwa hicho. Mwaka 1928 dirisha la darini lilimwangukia huko Paris. Mei 1944 aligonga kichwa katika ajali ya gari huko London, na miezi michache baadaye akaanguka kutoka kwenye pikipiki huko Ufaransa. Mwaka 1950 alianguka ndani ya mashua yake. Ubongo uliotikiswa mara moja huhitaji kupumzishwa. Ukitikiswa tena na tena, usahaulifu, hasira na huzuni huingia polepole, na watu wa nyumbani hudhani ni tabia mbaya. Daktari mmoja wa magonjwa ya akili wa Marekani, Andrew Farah, alitoa kitabu mwaka 2017 akieleza kwamba mapigo hayo, pamoja na pombe, ndiyo yaliyoiharibu akili ya Hemingway.

Yeye, badala ya kulala kitandani, alikwenda Shimoni, pwani ya Kenya, mahali alipokuwa amekodi mashua ya kuvulia. Alikuwa mgonjwa mno hata hakuweza kuvua ipasavyo. Moto wa vichaka ulipozuka karibu na kambi alitaka kusaidia kuuzima, akaanguka ndani yake, akaungua tena miguu, mkono na midomo. Oktoba ya mwaka ule alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi, hasa baada ya kitabu chake cha 1952 juu ya mzee mvuvi wa Kuba. Lakini hakuweza kusafiri mpaka Stockholm kuipokea.

Daktari McAdam alirudi Mulago kwenye kazi yake. Mwaka 1957 akawa profesa wa upasuaji wa Makerere, akafundisha wapasuaji wengi wa Afrika ya Mashariki mpaka alipoondoka Uganda mwaka 1972. Wakati ule wa ajali ya Butiaba, wagonjwa wa akili wa nchi hii walikuwa bado wakitunzwa Mulago. Hospitali ya Butabika ilifunguliwa mwaka 1955. Na Aprili 1954 bwawa la Owen Falls lilizinduliwa kule Jinja, likayazamisha maporomoko ya Ripon, ambapo kwa miaka mingi watu walisimama juu ya mawe wakivua kisinja kwa ufito.

Askari anayetaka kuujaribu uvuvi huu asidhani ni lazima apate trauti. Samaki huyo si wa kwetu. Aliletwa Kenya kutoka Uskoti mwaka 1905 na mlowezi Ewart Grogan, akatiwa katika mto Gura huko Nyandarua, na siku hizi yuko katika mito ya baridi ya Mlima Kenya. Katika Nile kuna kisinja na sangara, na chini ya maporomoko ya Murchison kuna samaki mwenye meno kama mbwa, nao wote hukamatwa kwa nzi mkubwa wa manyoya meupe. Ndani ya hifadhi ni lazima kuwa na kibali cha mamlaka ya wanyamapori, na ukingoni kuna mamba na viboko, kwa hiyo mtu asiende peke yake. Lakini kurusha hakujifunzwi majini. Hujifunzwa uwanjani kwenye nyasi, ndoano ikiwa imekatwa na kipande cha sufi kikifungwa mahali pake, kwa nusu saa kila jioni. Kufunga nzi ni kazi ya mezani, na hata aliyepoteza mguu huiweza. Huko Marekani, mwaka 2005, nahodha mstaafu wa jeshi la majini Ed Nicholson alianzisha mpango wa kuwafundisha uvuvi huu askari waliojeruhiwa, katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed. Alianza na wagonjwa waliokuwa wakijifunza kurusha mshipi kwenye majani ya ua la hospitali, wengine kwa mkono wa bandia, na mpango huo ukaenea katika majimbo mengi.

Hemingway hakupata mpango wa namna hiyo. Mwaka 1960 aliiacha Kuba, akahamia Ketchum katika jimbo la Idaho, mahali penye milima na mito ya trauti mlangoni pake. Wakati huo hakuwa tena na uwezo wa kuandika barua fupi bila kuhangaika siku nzima. Aliwashuku polisi wa nchi yake kwamba wanamfuatilia, na hakika walikuwa wameweka jalada juu yake. Alilazwa mara mbili katika hospitali ya Mayo, akatibiwa kwa umeme kichwani, akaruhusiwa. Mke wake alikuwa amezifungia bunduki katika chumba cha chini, lakini funguo ziliachwa jikoni mahali alipozijua. Asubuhi ya tarehe 2 Julai, 1961, alijiua kwa bunduki. Dada yake mmoja na mdogo wake wa kiume waliifuata njia hiyo katika miaka iliyofuata. Maofisa wetu wa ghala la silaha watajua tunasema nini juu ya funguo zile.

Alizikwa Ketchum. Jack, yule aliyeshuka Ufaransa na ufito, aliishi huko mpaka uzeeni, akawa komishna wa samaki na wanyamapori wa jimbo la Idaho kuanzia mwaka 1971 hadi 1977. Kusini ya mji huo kuna kijito cha maji maangavu kiitwacho Silver Creek, ambacho baba yake alikuwa akipenda kuwinda bata kando yake. Mashamba yake yalipotaka kuuzwa, Jack alishiriki katika jitihada za kukiokoa, na mwaka 1976 shirika la kuhifadhi mazingira likainunua ardhi ile. Watu wanaruhusiwa kuvua humo bila malipo. Huandika majina yao katika daftari, huvua kwa nzi wa bandia tu, na kila samaki hurudishwa majini akiwa hai.